Safari ya Mzee: Mwongozo wa Kuchagua Mji wa Mapumziko Ndani ya Tanzania

Katika mitaa na vijiji vyetu, mzee akionekana stendi ya mabasi na begi lake mkononi, majirani huuliza mambo mawili: nani amefariki, au nani anaumwa? Maswali hayo yanatufunua. Tumezoea kuwasafirisha wazazi wetu kwa sababu ya msiba na matibabu, na mara mojamoja kwa sababu ya harusi au upadrisho. Safari ya kupumzika, ya kwenda kuuona mji ambao mzee ameusikia redioni kwa miaka 50, tunaihesabu kuwa jambo la vijana na la wageni kutoka ng'ambo.

Kanisa haliwatazami wazee hivyo. Maandiko Matakatifu yanatueleza kwamba Abrahamu alikuwa na umri wa miaka 75 alipoondoka Harani (Mwa 12:4). Mtakatifu Yohane Paulo II aliwaandikia wazee barua mwaka 1999, naye mwenyewe akiwa mzee miongoni mwao. Baba Mtakatifu Fransisko alianzisha mwaka 2021 Siku ya Mababu, Mabibi na Wazee Duniani, inayoadhimishwa kila Dominika ya nne ya mwezi Julai, karibu na sikukuu ya Watakatifu Yoakimu na Anna. Kuwaheshimu baba na mama kunagusa dawa na chakula, lakini kunagusa pia furaha yao.

Makala haya yanakusudia kuzisaidia familia, Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo na vyama vya kitume vinavyotaka kumpeleka mzee katika mji fulani wa nchi yetu kwa siku tatu, nne au wiki. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa mtu mwenye umri wa miaka 60 na kuendelea. Hata hivyo, wapo wenye miaka 62 wasioweza kupanda ngazi tatu, na wapo wenye miaka 80 wanaolima shamba lao wenyewe. Kwa sababu hiyo, hoja yetu ni moja: mji wa mapumziko huchaguliwa kwa kuutazama mwili wa mzee na matakwa ya moyo wake. Sifa za mji huja baadaye.

Kwanza, mzee mwenyewe aulizwe

Mara nyingi watoto hukaa kikao, huchagua mji, hukata tiketi, kisha humpa mama taarifa. Nia yao ni njema, lakini mama anasafirishwa kama mzigo uliofungwa vizuri. Mzee aliyelea na kusomesha hapaswi kuwa wa mwisho kujua anakopelekwa.

Tukumbuke pia kwamba wazee wengi wakiulizwa moja kwa moja watajibu, “Acheni tu, wanangu, nitawasumbua.” Jibu hilo lina adabu ndani yake, wala halimaanishi kwamba hawataki. Afadhali kuuliza kwa kuzunguka kidogo: “Mama, ulipokuwa binti uliishi mji gani ukaupenda?” “Baba, yule rafiki yako mliyesoma naye seminari ndogo yuko wapi siku hizi?” Kuna wazee waliokwenda Tanga wakiwa vijana kufanya kazi katika mashamba ya mkonge, waliofanya kazi ya reli Tabora, waliofundisha shule Songea au Bukoba. Wapo ambao hawajawahi kuiona bahari. Jibu la mzee mara nyingi lina jina la mtu ndani yake, na huyo mtu ndiye sababu halisi ya safari.

Baada ya hapo yafuate maswali matatu kuhusu mwili, yakiulizwa kwa staha na mtu anayefaa kumuuliza. Mzee anaweza kutembea umbali gani kabla ya kutafuta pa kukaa? Anaweza kupanda na kushuka ngazi ngapi? Anahitaji kwenda msalani kila baada ya muda gani, mchana na usiku? Majibu ya maswali haya matatu ndiyo yatakayochuja orodha ya miji.

Njia ya kwenda na kurudi

Safari ya mzee huharibika njiani zaidi kuliko inavyoharibika mjini. Kukaa kwenye kiti bila kujinyoosha kwa zaidi ya saa nne huongeza uwezekano wa damu kuganda katika mishipa ya miguu, hasa kwa wenye ugonjwa wa moyo, saratani au waliofanyiwa upasuaji siku za karibuni. Ndiyo maana tunapendekeza kwamba, inapowezekana, sehemu moja ya safari isizidi saa nne. Ikizidi, igawanywe kwa kulala njiani, au itafutwe njia nyingine ya usafiri.

Basi. Ndiyo njia ya wengi wetu, na tatizo lake kubwa kwa wazee ni choo. Basi linaposimama porini ili abiria “wachimbe dawa,” kijana hushuka na kurudi bila kufikiri. Bibi wa miaka 75 mwenye magoti mabovu hawezi kuchuchumaa penye mteremko na majani, tena mbele ya macho ya watu. Matokeo yake ni kwamba wazee wengi hukataa kunywa maji tangu jana yake, na wengine huacha vidonge vya shinikizo la damu vile vinavyoongeza mkojo. Mambo yote mawili ni ya hatari. Familia imuulize daktari mapema jinsi ya kupanga saa za dawa siku ya safari, na ichague basi linalosimama kwenye kituo chenye vyoo vya kueleweka. Mzee akate kiti cha mbele, upande wa njia ya kupita, ili aweze kunyoosha miguu. Stendi kubwa, kama ile ya Magufuli iliyopo Mbezi Luis, Dar es Salaam, zina umbali wa kutembea ndani yake. Tufike mapema ili mzee asikimbizwe.

Treni. Kuanza kwa safari za treni ya umeme mwaka 2024 kumebadili hesabu kwa wazee wa Dar es Salaam, Morogoro na Dodoma. Morogoro sasa inafikika kwa muda wa karibu saa mbili, na Dodoma kwa takriban saa nne au pungufu. Ndani ya behewa kuna choo, na mzee anaweza kusimama na kutembea. Tiketi hukatwa kwa kitambulisho, hivyo kadi ya mzee isisahaulike nyumbani. Tuzingatie pia kwamba stesheni za Morogoro na Dodoma zipo nje ya katikati ya mji. Usafiri wa kumpokea upangwe kabla, asije akasimama juani akitafuta teksi.

Ndege. Kwa anayetoka Dar es Salaam kwenda Mwanza, safari ya anga ya takriban saa moja na nusu inachukua nafasi ya siku nzima ya barabara. Anayetaka kiti cha magurudumu aombe wakati wa kukata tiketi, na aulize kama ndege hupandwa kwa ngazi. Tiketi ikinunuliwa mapema, tofauti ya nauli hupungua, na wakati mwingine gharama ya kulala njiani huifanya iwe ndogo zaidi.

Gari la familia. Faida yake ni kusimama mnapotaka. Dereva asimame kila baada ya saa mbili hivi, mzee ashuke, atembee hatua chache. Tusisafiri usiku.

Majira na hali ya hewa

Nchi yetu ina miji ya joto la pwani na miji ya baridi ya nyanda za juu, na mwili wa mzee huhisi tofauti hiyo kuliko wetu. Uwezo wa kuhisi kiu hupungua kwa umri, hivyo mzee anaweza kupungukiwa maji katika joto la Dar es Salaam au Tanga bila kulalamika. Kuanzia Desemba hadi Machi pwani huwa na joto kali. Mvua za masika, kati ya Machi na Mei, hufanya njia ziwe za kuteleza. Kwa pwani, miezi ya Juni hadi Septemba ndiyo yenye nafuu.

Miezi hiyohiyo huleta baridi kali Iringa, Njombe na Mbeya. Mzee mwenye pumu au maumivu ya viungo anaweza kuteseka huko mwezi Julai, lakini akafurahia mji huohuo mwezi Septemba au Oktoba. Wengine huogopa mwinuko wenyewe. Miji yetu mikubwa ya nyanda za juu ipo chini ya meta 2,000, na ugonjwa wa mwinuko kwa kawaida huanza kwenye meta 2,500 hivi. Hata hivyo mwenye ugonjwa mzito wa moyo au mapafu amwone daktari kwanza.

Miji ya kufikiria

Bagamoyo. Ipo takriban kilometa 70 kaskazini mwa Dar es Salaam, na kwa mwamini Mkatoliki ni mahali pa kukumbuka asili yake. Wamisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu walifika hapo mwaka 1868, wakaanzisha misheni na kijiji cha watu waliokombolewa utumwani. Kanisa la kale, makumbusho ya misheni, mbuyu mkubwa na makaburi ya wamisionari vipo katika eneo moja lenye miti ya kivuli, na mzee anaweza kuviona kwa mwendo wa polepole. Mwili wa David Livingstone ulipumzishwa katika misheni hiyo mwaka 1874 kabla ya kuvushwa kwenda Zanzibar. Magofu ya Kaole yapo kilometa chache kutoka mjini, lakini ardhi yake haiko sawa. Anayetumia mkongojo afike na mtu wa kumshika mkono. Mji ni mdogo na hospitali kubwa zipo Dar es Salaam, jambo la kuzingatiwa kwa mwenye maradhi yanayobadilika ghafla.

Morogoro. Kwa anayetoka Dar es Salaam au Dodoma, huu ndio mji mwepesi zaidi kwa safari ya kwanza. Upo chini ya milima ya Uluguru, na uzuri wake mkubwa huonekana bila kupanda popote: mzee akikaa barazani asubuhi anaitazama milima ikifunguka kutoka katika ukungu. Soko lina matunda na mboga kutoka milimani. Nyumba nyingi za mashirika ya kitawa zipo Morogoro, na Kanisa Kuu la Mtakatifu Patrisi lipo mjini. Matembezi ya kwenda kwenye maporomoko ya maji yaachiwe wajukuu.

Dodoma. Hewa yake ni kavu na usiku hupoa, jambo linalowapendeza wengi waliochoshwa na jasho la pwani. Mji una nafasi, barabara pana, na Hospitali ya Benjamin Mkapa kwa huduma za kibingwa. Mzee aliyeishi enzi za uhuru hupenda kuyaona makao makuu ya nchi aliyoyasikia yakitangazwa mwaka 1973. Vumbi na upepo wa kiangazi humsumbua mwenye pumu.

Tanga. Mji wa kale, mtulivu, na sehemu kubwa ya katikati yake ni tambarare. Ni nadra kuuona mji wenye bandari ambao mzee anaweza kutembea barabarani bila kubughudhiwa. Upepo wa jioni Raskazone, samaki wabichi na majengo ya zamani vinatosha kwa siku tatu. Mapango ya Amboni yana sifa kubwa, lakini ndani yana giza, njia nyembamba na mahali pa kuinama. Mzee mwenye mgongo mbovu asishawishiwe. Safari kutoka Dar es Salaam ni takriban kilometa 350, hivyo ihesabiwe kuwa ndefu.

Moshi na Arusha. Hali ya hewa ya Arusha, iliyopo karibu meta 1,400 juu ya usawa wa bahari, ni ya ubaridi wa kupendeza. Makumbusho ya Azimio la Arusha humrudisha mzee katika mwaka 1967, na mara nyingi yeye ndiye atakayewaeleza wajukuu kuliko maandishi ya ukutani. Moshi ni mdogo na mpole zaidi. Mlima huonekana vyema asubuhi na mapema au jioni, na Hospitali ya KCMC ipo hapohapo. Kutoka Dar es Salaam kwa basi ni safari ya siku nzima. Wanaotumia ndege hushuka uwanja wa Kilimanjaro, uliopo kati ya miji hiyo miwili.

Iringa. Kwa wakazi wa Dodoma, Njombe na Mbeya, mji huu upo ndani ya safari ya siku moja. Misheni kongwe ya Tosamaganga ipo karibu. Mji umejengwa mlimani, hivyo nyumba ya kufikia iwe mahali ambapo gari hufika mlangoni. Bonde la Isimila, lenye zana za mawe za kale, linatazamika kutoka juu. Kushuka bondeni kunahitaji miguu imara. Anayetoka Dar es Salaam atapita Mikumi, ambako wanyama huonekana kutoka barabarani, kisha kona za Kitonga, ambazo huwatia wengine kichefuchefu.

Mwanza. Mji wa miamba na ziwa. Una mandhari nzuri, lakini pia una vilima vikali, na nyumba nyingi za wageni zina ngazi za nje. Tuchague mahali karibu na ufukwe. Hospitali ya Rufaa ya Bugando, inayomilikiwa na Kanisa, ni faraja kwa familia yenye wasiwasi. Huko Bujora, eneo la Kisesa, kuna makumbusho ya utamaduni wa Wasukuma yaliyoanzishwa na Padre David Clement wa Shirika la Wamisionari wa Afrika, pamoja na kanisa lililopambwa kwa alama za utamaduni huo. Daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilometa 3 na lililofunguliwa mwaka 2025, limekuwa matembezi yanayopendwa na wazee waliozoea kungoja kivuko.

Zanzibar. Boti ya mwendo kasi huchukua takriban saa mbili. Wakati wa kusi, hasa Juni hadi Agosti, bahari huchafuka, na mwenye kizunguzungu apande boti ya asubuhi. Vichochoro vya Mji Mkongwe havipitiki kwa gari, na nyumba nyingi za kale zina ngazi ndefu zenye mwinuko mkali. Chumba cha chini karibu na barabara ya magari ni sharti. Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, ambalo watu huliita Minara Miwili, lipo katikati ya mji huo.

Dar es Salaam. Kwa wazee wa bara, jiji hili ndilo linalotamaniwa zaidi. Tusiwapeleke kwa ndugu anayeishi kwenye chumba kimoja kisha tukaita mapumziko. Siku moja iwe ya bahari, nyingine ya Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu na Makumbusho ya Taifa, ambayo hayako mbali kati yake. Matembezi yafanyike kabla ya saa 4 asubuhi au baada ya saa 10 jioni, kwa kukwepa jua kali.

Mahali pa kulala

Tangazo la nyumba ya wageni huonesha kitanda na maua. Mzee anahitaji mambo mengine, na njia ya uhakika ni kupiga simu na kuuliza wazi. Je, kuna chumba cha chini, au lifti inayofanya kazi? Choo ni cha kukaa au cha kuchuchumaa, na kipo ndani ya chumba? Kuna kizingiti kirefu cha kuvuka kuingia bafuni? Vigae vinateleza vikilowa? Kuna maji ya moto? Umeme ukikatika, kuna jenereta au taa ya akiba? Kitanda kina kimo gani? Mzee akikaa ukingoni, nyayo zake ziguse sakafu, vinginevyo kuamka usiku kutakuwa hatari. Gari hufika mlangoni?

Mzee anaweza kuanguka usiku, katika chumba asichokizoea, akienda msalani gizani. Tubebe tochi ndogo, ndala zisizoteleza, na tumtembeze mzee kutoka kitandani hadi chooni mara mbili kabla hajalala. Mwenye kupoteza kumbukumbu anaweza kuchanganyikiwa katika mahali pageni. Kwake safari iwe fupi, alale chumba kimoja na mtu anayemfahamu, na taa hafifu iachwe ikiwaka.

Vituo vya mafungo na nyumba za wageni za mashirika ya kitawa hufaa wazee wengi: ni tulivu, chakula chake ni cha kawaida, na kikanisa kipo jirani. Lakini navyo viulizwe maswali yaleyale. Utakatifu wa mahali hauondoi ngazi.

Dawa, chakula na tahadhari

Mwezi mmoja kabla, mzee amwone daktari wake. Dawa zichukuliwe za kutosha siku zote za safari na siku tatu za ziada, zikae katika mkoba wa mkononi na wala zisiwekwe kwenye buti la basi. Insulini itunzwe mahali pa baridi bila kugandishwa. Mwenye kutumia dawa za kisukari asafiri na chakula chake pamoja na juisi au sukari, kwa kuwa basi likichelewa kufika pa kula, sukari yake inaweza kushuka ghafla. Mpishi aombwe mapema apunguze chumvi na mafuta.

Karatasi moja iandikwe jina la mzee, maradhi yake, dawa zake na namba za simu za ndugu wawili, iwekwe mfukoni mwake pamoja na kadi ya bima ya afya. Kabla ya kuondoka tujue hospitali iliyo karibu. Baada ya safari ndefu, mguu mmoja ukivimba na kuuma, mzee apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Akibanwa pumzi ghafla au kuumwa kifua, saa hiyohiyo.

Ratiba nayo iwe na huruma: jambo moja asubuhi, mapumziko mchana, na kitu kidogo jioni ikiwa nguvu zipo. Siku ya kwanza isipangiwe kitu.

Msindikizaji na gharama

Anayemsindikiza mzee awe mtu ambaye mzee haoni haya kumwomba msaada wa msalani. Mara nyingi mama hupenda kwenda na binti au mjukuu wa kike, na baba na mwanawe au mdogo wake. Inapowezekana, waende wazee wawili marafiki. Maongezi yao ni nusu ya mapumziko. Mapokezi wakimuuliza msindikizaji, “Mzee atakula nini?” jibu zuri ni, “Mwulizeni mwenyewe.”

Kuhusu gharama, tuseme ukweli. Katika koo zetu tunajua kuchanga. Mzee akifariki, ndani ya saa chache panakuwa na kamati, daftari, turubai na magari ya kuwabeba waombolezaji mamia ya kilometa. Fedha hizo huwa hazipo alipokuwa hai na kutamani kumwona dada yake aliyeolewa Tabora. Hatusemi msiba usiheshimiwe. Kuzika wafu ni tendo la huruma. Tunasema kwamba sehemu ndogo ya moyo huohuo wa kuchangiana ingetosha kumpeleka mzee mahali anapotamani, akiwa na macho ya kuona na mdomo wa kusimulia. Jumuiya inaweza kufungua daftari la safari ya wazee wake na kuweka kidogo kila mwezi, ikiwatanguliza wale wasio na watoto.

Misa Takatifu na safari

Kabla ya kuondoka tuulize ratiba ya Misa katika parokia ya huko, pamoja na mambo ambayo ratiba haiandiki: kanisa lina ngazi za kuingilia? Kuna viti vyenye egemeo? Misa ya alfajiri huwa na watu wachache na hewa baridi, lakini mzee hupaswa kuamka mapema mno. Afadhali ya pili kama mwili unadai hivyo. Mzee dhaifu anaweza kuomba Komunyo Takatifu pale alipofikia, na katibu wa parokia akipigiwa simu siku mbili kabla, padre au mhudumu wa Ekaristi huweza kupanga.

Kwa wanaotafuta tarehe ya kuanzia, Dominika ya nne ya Julai inafaa kwa miji mingi ya pwani na kanda ya kati: mvua zimekwisha na joto limepungua. Muda uliobaki kabla ya tarehe hiyo utoshe kwa mambo matatu: kumwuliza mzee, kumwona daktari, na kupiga simu mahali pa kulala. Tuanze na la kwanza, leo jioni, baada ya Rozari, wakati mzee bado yuko macho.